Aliyekuwa Kwenye Winchi

Donatus hakujua Kihindi hata cha kuombea maji, lakini kata nzima ya Kalangalala, pale Geita, ilizijua filamu za Kihindi kwa mdomo wake. Kazi yake ilikuwa kutafsiri. Alikaa mbele ya televisheni na maiki iliyovishwa soksi, akaikimbiza filamu tangu mwanzo hadi mwisho, akisema ya muuaji, ya bibi harusi, ya mama anayelia na ya mbwa anayebweka nje ya geti. Alichokisikia hakukielewa, alitazama nyuso, akajua. Hakuandika kitu wala hakurudia. Watafsiri wa aina yake wana desturi hiyo: ukisimamisha ukarekebisha, joto linaondoka, na mteja anasikia kabisa mahali ulipokata. Filamu ikiisha imeisha. Anaichoma kwenye sidi, anaipakia kwenye flashi, anachapisha kava yenye picha ya bastola, na kesho yake iko machimboni.

Filamu hizo alizipata kwa Mama Anjali wa Shinyanga mjini. Jina lake hasa ni Nirmala. Mumewe alikuwa akiazimisha kanda za video, na alipofariki aliacha chumba kizima cha kanda zilizopangwa hadi darini, nyingi zimeshaliwa na ukungu. Mjane yule hakutaka zitupwe. Donatus alikwenda na mashine yake kuukuu, akawa anazihamishia kwenye kompyuta moja moja, huku Mama Anjali akimletea chai ya tangawizi na kumsimulia kisa kabla hata picha haijatulia.

"Hii chukua, Donatus. Ya zamani sana, mimi bado msichana. Inspekta mwizi, mshenzi kabisa, anakula na wauza dhahabu ya magendo. Mwisho anafungwa pingu mbele ya mama yake mzazi."

"Mama Anjali, hawa wote mwisho wanafungwa."

"Kwenye kanda," alisema, akapuliza vumbi. "Unafikiri kwa nini baba yake Anjali alikuwa anazipenda?"

Za mapolisi wala rushwa ndizo zilizotoka kuliko zote. Mchimbaji aliyeshinda shimoni kisha akanyang'anywa mawe yake njiani alitaka kumwona inspekta akilia. Na Donatus alijua kuileta filamu nyumbani: Bombay ikawa Geita, meli ya magendo ikawa lori la mawe, tajiri wa suti nyeupe akapewa jina la mnunuzi wa dhahabu ambaye kila mtu alimjua na hakuna aliyempenda. Wateja walimpendea hilo. Wengine walimfuata kibandani kumwomba jambazi wa filamu ijayo aitwe kwa jina la shemeji yao.

Msimu wa mvua uliopita, shemeji yake mwenyewe alifia shimoni. Aliitwa Makoye, mume wa Hosiana, dada mdogo wa Donatus wa tumbo moja. Kituo kidogo cha polisi cha machimboni kiliandika kuwa ni ajali, kamba imekatika. Aliyeandika ni Afande Wiliam, na wiki hiyohiyo watu walimwona akishuka kwenye gari la tajiri mwenye duara, yaani shimo la dhahabu, la jirani, ambaye alikuwa akigombana na Makoye juu ya mwamba uliopita katikati ya mashimo yao.

Kamba haikukatika. Ilikatwa. Aliyeona ni Bujiku, mzungusha winchi, ambaye kazi yake ilikuwa kuwashusha wenzake na kuwapandisha. Siku hiyo waliokuja na mapanga walimfukuza, akajificha nyuma ya lundo la mawe, na akiwa pale akamsikia Makoye akiita kutoka chini: "Bujiku, tupa nyingine, mkono mmoja unashika bado." Aliita mpaka akanyamaza. Hilo la kuita Bujiku alimwambia Donatus peke yake, akaomba mjane asiambiwe.

Ilimchukua Donatus safari nyingi za Kharumwa, alikokimbilia Bujiku kwa mkewe, kumlainisha mtu yule. Mwishowe alikubali kusema, lakini siyo mbele ya Wiliam. Mpelelezi mwingine, aliyesifiwa kuwa hali rushwa ya mtu, alipangwa kuja kusikiliza malalamiko ya wachimbaji. Bujiku angeingia na Hosiana, aseme, atoke. Mpaka siku hiyo asitajwe popote.

"Kaka, nani mwingine anajua?" Hosiana aliuliza.

"Mimi, wewe, na Apolonia mke wake."

"Basi tukae kimya kama waliofiwa."

"Kwani hatukufiwa?"

Hosiana akacheka, mara ya kwanza tangu msiba, kisha akaona aibu akajifunika mdomo kwa kanga. Mashamba alikuwa hana, mifugo hakuna, ndugu wa Makoye walishaanza kusema kwamba marehemu alikuwa mzembe wa kukagua kamba zake. Kilichobaki mkononi mwake ni kesi, na kesi nzima ilikuwa mtu mmoja.

Kanda aliyopewa na Mama Anjali, Donatus aliitafsiri Jumapili asubuhi, mtaa umekwenda kanisani na umeme umetulia. Ilianza kama zote. Kisha ikafika bandarini. Watu wa tajiri wakamsukuma kuli mmoja ndani ya tumbo la meli, na juu, kwenye winchi ya kupakulia mizigo, kulikuwa na mtu aliyeona yote. Inspekta akaja. Akamruka marehemu, aliyekwisha kutolewa melini, kama anayeruka dimbwi, akapokea bahasha. Yule wa kwenye winchi akashuka, akamkimbilia, akapiga magoti.

Hapo mdomo wa Donatus ukaenda wenyewe.

"Afande, mimi nilikuwa kwenye winchi! Nimejificha nyuma ya mawe, nimewaona na mapanga yao, wamekata kamba! Nimemsikia anaita: tupa nyingine, mkono mmoja unashika bado!"

Kidole kilikuwa juu ya kitufe cha kusimamisha, na hakukibonyeza. Picha zilikuwa zinakimbia, inspekta ameshafungua mdomo, lazima ajibiwe. Alijiambia kwamba hawa ni Wahindi wa zamani, wengi wao wameshakufa, nani atafikiria? Tena, kusema kweli, alijisikia mwepesi. Tangu maziko alikuwa hajalisema jambo lile kwa sauti. Pingu zilipofungwa mwishoni, alilia kwenye maiki, na kilio kile kikabaki humo ndani.

Hakuna filamu yake iliyowahi kutoka kama ile. Walioinunua waliwarushia wenzao kwa simu. Vijana walishuka mashimoni wakitaniana, "Tupa nyingine!" na wa chini akijibu, "Mkono mmoja unashika bado, we mpumbavu!" Wanawake wa mamantilie waliisema wakipokea sufuria ya moto. Hosiana hakuisikia, tangu afiwe alikuwa hatoki kwake ila kwenda kisimani, na wanaofiwa hawataniwi.

Afande Wiliam alikuja kibandani mwenyewe, amevaa kiraia, anatabasamu.

"Mtafsiri! Za kazi?"

"Nzuri, afande. Shikamoo."

"Marahaba. Niwekee hiyo wanayonichekea nayo." Alikaa kwenye benchi, wateja wakasogea wakamwachia nafasi kubwa kuliko aliyohitaji. "Nimeiona kwa mtu. Inspekta wako ana tumbo kunishinda mimi."

Watu wakacheka kidogo, kwa adabu.

"Ila niambie. Yale mapanga umeyatoa wapi? Maana kwenye picha jamaa kasukumwa tu."

"Ni kutia chumvi, afande."

"Na kamba?"

"Chumvi."

"Na lundo la mawe? Bandarini, ndugu yangu?" Afande akaichukua flashi yenye filamu, akaitia kwenye mfuko wa shati, akapiga mfuko kidogo kwa kiganja. "Chumvi nyingi inaua. Haya, huyo wa kwenye winchi msalimie sana."

Simu ya Bujiku haikupatikana siku hiyo, wala kesho yake. Donatus akapanda gari kwenda Kharumwa. Apolonia alikuwa uani anapeta mchele, na alipomwona hakuuweka ungo chini.

"Mwangaluka, shemeji," Donatus alimwamkia kwa Kisukuma.

"Mwangaluka." Kiti hakumpa.

"Bujiku yupo?"

"Hayupo."

"Amekwenda wapi?"

"Ukijua wewe si itatoka filamu?"

Alisimama pale juani mpaka mwanamke akamhurumia, au akachoka kumtazama. Akamweleza kwamba Bujiku alikuwa mashineni anasubiri kusagiwa, na jirani yake kwenye foleni anacheza filamu kwenye simu. Akayasikia maneno yake mwenyewe. Akaacha mahindi palepale, akarudi mbio.

"Akaniambia, Apolonia, nimetajwa. Nikamwambia hujatajwa, mbona ni filamu ya Wahindi. Akasema, yale niliyasikia mimi peke yangu na Mungu." Alipuliza makapi. "Akafunga nguo. Baada ya hapo lilipita gari hapa, taratibu, likasimama pale kwenye mti, halafu likaondoka. Hata mimi hakuniambia anakwenda wapi. Alisema nisipojua sitapigwa."

"Nitaifuta, shemeji. Nitaitoa upya bila yale maneno."

"Futa," alisema Apolonia, akaendelea kupeta.

Akaifuta kweli. Akaitafsiri upya, mtu wa kwenye winchi akawa anaomba kazi tu. Wateja waliirudisha. "DJ, hii imepoa," walimwambia, kwa jina wanaloitwa watafsiri wote, wakaendelea kurushiana ile ya kwanza.

Alimkuta Hosiana anapasha pasi ya mkaa. Alikuwa anataka kunyoosha gauni jeusi la kwendea kwa mpelelezi, na alikuwa amefanya mazoezi ya maneno yake ya kuanzia. Donatus akamwambia yote, tangu maiki mpaka ungo wa Apolonia. Alitegemea atamlilia, au atamtukana. Hosiana aliiweka pasi pembeni.

"Kwa hiyo aliita," akasema.

"Aliita."

"Mlijua nyie wawili."

"Bujiku alisema usiambiwe."

"Mkamwambia mchimba mawe wa kila shimo." Alilitandaza gauni mezani. "Nitakwenda. Shahidi hayupo, maneno yapo. Nitayasema mimi."

Mpelelezi alikuwa mtu mpole, mwenye nywele zilizoanza mvi, na hakumharakisha. Alimpa kiti Hosiana, akamruhusu na kaka yake aingie. Aliandika jina la marehemu, akaandika ugomvi wa mwamba, akaandika habari za gari. Donatus aliitazama kalamu ile ikitembea na akathubutu kutumaini. Kisha Hosiana akafika kwenye habari za shimoni, akayasema maneno ya mumewe kama alivyoyapata, na kalamu ikasimama.

"Mama, wewe ulikuwepo?"

"Sikuwepo."

"Aliyekuambia yuko wapi?"

"Amekimbia. Wamemtisha."

Mpelelezi akajikuna paji la uso. "Usinielewe vibaya, mama yangu. Hayo maneno dereva wangu ameyasema njia nzima tukija huku. Tupa nyingine, mkono mmoja. Hayo ni ya kwenye filamu."

"Ni ya mume wangu."

"Nikiyaandika hapa, wakubwa watanicheka. Na huyo mnayemlalamikia atasema mmekaa, mmetazama video, mkatunga kesi. Nitamjibu nini?"

Donatus akainuka. "Afande, ni kweli tupu. Filamu ndiyo imechukua kwa marehemu, siyo yeye kuchukua kwenye filamu. Mimi ndiye niliye..."

Mpelelezi alikuwa amegeuka kwa haraka, uso umemfunguka kwa furaha kabla hajauzuia.

"Kumbe ni wewe! Nilikuwa nawaza hii sauti naijua wapi." Macho yake yakaangukia gauni jeusi, akakohoa, akashusha sauti. "Samahani sana, mama. Pole na msiba."

Akaweka kifuniko kwenye kalamu, akamwambia mlinzi amwite anayefuata. Mzee mmoja aliyedhulumiwa shamba aliingia, kofia mkononi, akasimama katikati ya chumba akitafuta mahali pa kukaa, maana kiti kilikuwa kimoja na Hosiana alikuwa hajainuka.