Gitaa Jekundu la Shemeji

Mara ya kwanza kumwona Bwana Meno akiling'ata gitaa, nilidhani njaa imemzidi. Nilikuwa na siku mbili tu tangu niajiriwe kama karani wa ofisi ya kuthamini mizigo inayotoka nje, na huyu hapa mthamini, mzee mwenye miwani na suruali iliyonyooshwa kwa pasi, amekamata kichwa cha gitaa kwa meno huku mkono ukikwaruza nyuzi. Mwenye gitaa alisimama kaunta kama mzazi aliyempeleka mtoto kwa daktari.

"Mbao nzuri hii," mzee akasema alipoliachia. "Andika halisi."

Mwenye gitaa akaangua kilio.

Hata mimi ilinichukua wiki nzima kuelewa. Gitaa la umeme bila spika halisemi kitu, na spika yetu imewekwa kona na utepe wa lakiri juu yake. Iliagizwa ili tujaribie magitaa, lakini kwa kuwa nayo imetoka nje, ni marufuku kuiwasha kabla haijathaminiwa. Kuithamini kunataka gitaa ambalo limeshathaminiwa, na la namna hiyo mwenyewe huondoka nalo hapohapo kabla hatujabadili mawazo. Mwaka wa nne sasa. Nimeitandikia kitambaa, naweka chupa ya chai juu yake. Mzee wa watu akagundua kwamba ukiling'ata gitaa, sauti inapanda moja kwa moja hadi kwenye fuvu. Jina likaanzia hapo.

Halafu kuna ushuru. Gitaa halisi hutozwa kama kitu cha anasa, na usipoweza kulipa linabaki kwetu lipigwe mnada. La kuigiza hutozwa kama mwanasesere. Kwa hiyo watu huja kuyatukana magitaa yao wenyewe mbele ya kadamnasi. "Takataka hii, mzee wangu! Nimeuziwa mbuzi kwenye gunia!" Ukimwambia lake ni zuri, anakusihi ulitazame tena, safari hii kwa jicho baya. Na fomu zetu, kwa taarifa yako, zilitungwa kwa ajili ya pasi na birika. Kuna mahali zinauliza kifaa huchukua dakika ngapi kupata moto. Bwana Meno hujaza: "Inategemea mpigaji."

Mcheke utakavyo, lakini hakuna aliyewahi kusema mzee yule kapindisha. Miaka ishirini na miwili! Wakubwa wamekuja na bahasha, wameondoka nazo. Gitaa la bosi wetu mwenyewe aliliandika halisi, bosi akanuna mpaka akaenda likizo. Gari hana, nyumba ni ya kupanga. Alichokuwa nacho ni jina, na alitembea nalo kifua mbele. Nilimpenda kwa hilo, sitaficha.

Jumanne moja, simu ya ofisi ikalia kabla sijavua hata mtandio. Mkewe Bwana Meno.

"Mwambie huyo mzee wako, mdogo wangu anakuja leo na gitaa lake. Ameuza pikipiki kulipata. Akithubutu kuandika halisi, asahau kama ana mke."

Nikafikisha ujumbe neno kwa neno. Bwana Meno akafuta miwani.

"Nitaandika nitakachokiona," akasema.

Shemeji akafika saa nne, foleni imejaa. Kijana wa miaka thelathini hivi, mpiga gitaa wa kumbi za harusi, miaka yote akipigia magitaa ya kuazima. Akafungua sanduku. Gitaa jekundu, linang'aa, mistari ya mbao inatembea juu yake kama maji. Foleni nzima ikaguna. Mimi nikajiambia: hili halisi, mzee kaisha.

Bwana Meno akaling'ata. Akakunja uso. Akalipeleka kwenye meza yetu ya nyuma, akachukua bisibisi, akafungua kifuniko cha zile sumaku za kunasa sauti. Akaniita kwa kidole.

Ile mistari iliishia hapo, na ukingo wake ulikuwa umejikunja. Ilikuwa karatasi. Mtu huko lilikotoka alipiga picha ya mbao nzuri, akaibandika juu ya mbao mbovu, akapaka rangi ya kung'aa. Sikujua nicheke au nilie.

Mzee akafunga kifuniko taratibu, akarudi kaunta.

"La kuigiza," akatangaza. Nikagonga muhuri.

Shemeji akaruka juu. "Shem! Nilijua tu huwezi kuniangusha!"

"Sikiliza. Ni la kuigiza kweli."

"Kweli kabisa!" Akakonyeza jicho, foleni yote ikaona. "La kuigiza mia kwa mia, mzee!"

"Sijakubeba, bwana wee. Njoo huku nikuonyeshe."

"Usinionyeshe kitu, nimeelewa." Akamshika mkono kwa mikono yake miwili, machozi yanamlengalenga. "Miaka kumi na moja napigia vya watu, shem. Leo na mimi nina gitaa la kweli. Sitakusahau mpaka naingia kaburini."

Nyuma yake watu walianza kunong'onezana. Nikasikia mmoja, "Kumbe naye ni walewale." Bwana Meno alisikia pia. Bisibisi bado alikuwa nayo mkononi. Skrubu nne tu, mbele ya wote, na jina lake lingerudi safi kama lilivyokuwa asubuhi.

Akamtazama shemeji yake. Kisha akaitia bisibisi mfukoni.

"Haya, nenda," akasema. "Ila usiwaambie watu kwamba nimekusaidia."

Aliyefuata alikuwa baba mmoja mwenye gitaa jeusi. Hakulitukana hata kidogo. Aliegemea kaunta, akashusha sauti: "Mzee, na sisi ambao si ndugu zako, utaratibu ukoje?"

Bwana Meno akalivuta lile gitaa jeusi, akaling'ata. Nami nilitaka kupanda juu ya meza niwapigie kelele wote nilichokiona chini ya kile kifuniko. Lakini shemeji alikuwa bado mlangoni, amekumbatia sanduku lake, anatupungia mkono. Nikampungia.