Fundi wa Chini ya Meza

Iringa mjini hatuna reli. Anayetaka kuona treni apande basi mpaka Makambako au Mbeya. Kwa hiyo siku ile mzee mmoja wa Kizungu, mteja wangu wa miaka mingi, alipoleta boksi kubwa kwenye kibanda changu cha kutengenezea redio na simu pale Mlandege, na kusema ndani yake mna treni, nilidhani Kiswahili kimemponyoka.

Kumbe alikuwa sahihi. Alikuwa anarudi kwao moja kwa moja na hakutaka kubeba mizigo. Ndani ya boksi mlikuwa na reli nyembamba kama njiti za mwamvuli, vichwa viwili vya treni vinavyotosha kiganjani, mabehewa saba, na pointi sita. Pointi ni mahali reli inapogawanyika, treni ikachagua kunyooka au kukata kona. Kila pointi ilikuwa na mota yake ndogo, na mota zote zilitakiwa kuamrishwa kwa rimoti.

"Wewe ni fundi," mzee aliniambia. "Utaelewa."

Nilipofika nyumbani mume wangu alilitazama boksi, akacheka. "Mpelekee baba," akasema.

Baba yake ni Mnyakyusa anayeishi mtaa wa Soweto, Mbeya. Kazi aliyoifanya mpaka anastaafu ilikuwa hiyohiyo, kubadili pointi kwenye reli ya kwenda Zambia. Siku hizi goti linamsumbua na hatoki sana. Mama mkwe alikuwa akilalamika kwenye simu kwamba mzee anashinda anabishana na redio, na redio haimjibu.

Tatizo lilikuwa mimi. Mimi ni Mhehe, na kwetu baba mkwe tunamwamkia, tunamwandalia chai, maisha yanaendelea. Kwa Wanyakyusa wa rika lake, mke wa mtoto na baba mkwe hawaonani uso kwa uso wala hawasemezani. Vijana wengi wameacha, yeye hakuacha. Miaka yote ya ndoa yangu nilichokijua vizuri ni mgongo wa koti lake likitokea mlango wa nyuma mara mimi ninapoingia mlango wa mbele. Sikuona kama ananichukia. Kila nikiondoka kwake napewa mchele wa Kyela na mkungu wa ndizi. Ila heshima yake ilikuwa na mwendo mkali.

Tulikwenda mwezi wa sita, baridi ya Mbeya ikiwa imekamata vidole. Mume wangu aliunganisha mbao mbili za plaiwudi sebuleni, akazisimamisha kwenye miguu ya kitanda cha zamani, akakaa siku mbili, kisha akarudi kazini. Mimi nikabaki na nyaya.

Kazi ya nyaya iko chini. Juu ya meza unaona reli nzuri zimepangwa, lakini chini ndiko kila mota inakoshusha nyaya tatu, nyekundu, kijani na nyeusi, zikaingie kwenye visanduku vya kupokea amri. Kila pointi inapewa namba yake. Ukibonyeza namba tatu kwenye rimoti, amri inapita kwenye reli zilezile zinazoendesha treni, visanduku vyote vinaisikia, na kinachoitika ni chenye namba tatu peke yake. Mama mkwe, kwa kuwa sebule ni yake na wageni hawakosi, alizungushia meza vitenge viwili ili vurugu yangu isionekane. Nikawa nafanya kazi ndani ya kibanda cha kitenge, taa kichwani kama mchimba madini.

Siku ya tatu asubuhi mama mkwe alikwenda sokoni. Baba mkwe naye alidhani nimefuatana naye. Nikasikia fimbo, tok, tok, kisha kiti kikilia. Nilitulia kama sungura. Akabonyeza rimoti. Mota mbili zikalia tak kwa pamoja juu ya kichwa changu, na mimi, kwa mazoea ya kazi, nikasema, "Aa, hizo mbili nimezipa namba ileile."

Nilijua nimeharibu. Nikasubiri fimbo iondoke.

Haikuondoka. Nikamsikia anakohoa. "Fundi," alisema, taratibu, akiielekezea meza maneno yake. "Ya pili na ya tano ndizo zinazokwenda pamoja."

"Ndiyo, baba. Naibadili ya tano."

"Na ya kwanza imegeuka. Ukiiambia nyooka, inakata."

"Hapo nitabadilisha nyekundu na kijani, baba."

"Badilisha, nione."

Ndivyo tulivyoanza. Mama mkwe aliporudi na kabichi zake alimkuta mumewe anazungumza na kitenge. Alisimama mlangoni, akamtazama mumewe, akakitazama na kile kitenge, akaenda zake jikoni.

Kwa siku nne zilizofuata ratiba ikawa hiyo. Mimi natangulia kuingia chini ya meza, mama mkwe anampa mumewe ishara, naye anaingia na kukaa. Nikitaka kutoka, nasema, "Fundi anapumzika," na fimbo inatoka kwanza. Hatukukubaliana mahali popote kufanya hivyo. Ilitokea tu.

Tulibishana pia, na ndilo lililonishangaza. Nilikuwa namsifia mfumo: rimoti ina kioo, kioo kina mshale, mshale unakuonyesha pointi imeelekea wapi, huna haja ya kuinuka. Yeye hakuupenda ule mshale.

"Huo unaonyesha ulichoamuru," alisema. "Hauonyeshi ulichopata. Sisi tulikuwa tunakwenda kwa miguu kutazama ulimi wa reli, ile ncha inayosogea, umelala au haujalala. Mvua inyeshe, unakwenda."

"Hii ni ya kisasa, baba. Haihitaji kwenda."

"Haya, fundi."

Kesho yake tuliendesha kichwa cha treni na mabehewa matatu. Namba nne, nyooka. Mota ikalia, mshale ukanyooka. Treni ikafika kwenye pointi, ikasita, ikapanda juu ya reli, na nilichosikia baadaye ni kitu kikianguka kwenye sakafu ya saruji karibu na goti langu. Kichwa cha treni kilikuwa kimelala ubavu, ngazi yake ndogo imevunjika.

Yeye aliinama juu ya meza na miwani yake, akatafuta. "Mchele," akasema. Punje moja ya mchele ilikuwa imekaa katikati ya ulimi na reli. Mama mkwe alikuwa amepepeta mchele wake palepale jioni iliyotangulia. Ulimi ulikuwa umefika nusu ya safari.

Nilingoja anicheke. Badala yake aliniambia kwamba mwaka wake wa kwanza kazini kokoto ilimfanyia vilevile, behewa la mahindi likalala, na msimamizi wake hakumpigia kelele. Alimkabidhi koleo tu. "Nilizoa mahindi mpaka mikono ikavimba," alisema.

Basi nikafunga kwenye kila pointi swichi ndogo inayosukumwa na ulimi wenyewe, na taa ya kijani kando ya reli. Ulimi usipolala vizuri, taa haiwaki, hata mshale useme nini. Zile swichi zilikuwa na miguu midogo sana, na nikiwa nalehemu ya mwisho, chini pale nimejikunja, tone la risasi iliyoyeyuka lilidondoka likanikaa kwenye kifundo cha mkono. Nilipiga ukelele.

Kitenge kikafunuliwa. Baba mkwe alikuwa amepiga goti lake bovu sakafuni, ananitazama usoni, na mimi namtazama. Ana macho ya mume wangu kabisa. Sikuwahi kulijua hilo.

"Maji," alimwita mkewe. Hakungoja. Aliinuka kwa kushika meza, akaenda jikoni mwenyewe, akarudi na beseni, akaniwekea mbele. Maji yalikuwa ya baridi ya kuuma. Nikaingiza mkono.

"Ndaga, baba," nikamshukuru kwa lugha yake, maana sikujua niseme nini kingine.

Mama mkwe alifika mlangoni akashika kichwa. Akaanza kusema kwa Kinyakyusa, haraka haraka, na mengi sikuyafuata, lakini nilielewa kwamba anamuuliza amefanya nini. Baba mkwe alijibu kwa Kiswahili, nadhani ili nami nisikie.

"Nimemwona fundi," alisema. "Mkwe sijamwona."

Mama mkwe alifikiri kidogo. Kisha akacheka mpaka akakaa kwenye mkono wa kochi, na jambo likaishia hapo. Tangu siku ile, kwenye meza tulionana na kusemezana. Nje ya sebule, nikipita uani, koti lake lilizunguka nyumba kama zamani.

Jumapili, baada ya ibada, walikuja wastaafu wenzake watatu. Walizunguka meza wakibishana tangi la maji la stesheni yao ya zamani lilikaa upande gani, wakazisimamia taa zangu za kijani kwa ukali kama wanalipwa bado. "Fundi wangu wa Iringa," aliwaambia, akinionyesha kwa kidevu.

Nilirudi Mlandege wiki hiyo. Sasa ananipigia simu kila Jumamosi. Kwanza huwa ni mambo ya reli: pointi inasita, behewa linayumba, afute reli na nini. Jumamosi iliyopita alipiga, tukaamkiana, nikangoja aniambie kilichoharibika. Akaniuliza mama yangu anaendeleaje na presha, na kama mahindi yetu ya Kilolo yamepata mvua. Tukaongea hayo tu. Mtandao ukakata, akapiga tena.