Ukungu Kwenye Shaba

Asubuhi ile chai ilipoa mezani, kama kawaida. Mkewe alikuwa dirishani, miwani puani, bamba dogo la shaba mapajani, sindano nene ya chuma mkononi. Alikuwa akikwaruza. Kwaru, kwaru, kimya. Kwaru. Mzee alikuwa ameisikia sauti hiyo miaka arobaini na moja mpaka akawa haisikii tena, kama mtu asivyosikia pumzi zake.

"Chai inapoa, mama."

"Iache ipoe. Imezoea."

"Unachora nini?"

"Utaona kesho ukizungusha gurudumu. Kaa hapo hapo, usihamehame."

Akakaa. Jua likaingia, likagonga shaba, mwanga ukacheza darini kama maji. Mzee akasinzia. Alipoamka, bamba lilikuwa limefunikwa kwa kitambaa, na mkewe yuko jikoni anapasha chai ile ile. Alasiri akalalamikia kifua. Kesho aliyoiahidi ikafika bila yeye.

Mtaani walimwita Mama Shaba. Walipokutana alikuwa msichana katika karakana ya kuchapia picha, na mzee alikuwa kijana wa kubeba mizigo, kalamu hajawahi kuishika. Alipotua mzigo wa karatasi, msichana alimtazama mabega, si uso. "Wewe mwenye mabega, hebu tuzungushie gurudumu hili." Akazungusha, na hakutoka tena. Siku ya harusi bibi harusi alisimama na wino kwenye kucha. Mama wa bwana harusi akanong'ona kwamba angalau angevaa glavu. Bibi harusi akasikia. "Mama, aliyenioa amenikuta nao."

Karakana ilipofungwa waliinunua ile mashine kuukuu ya gurudumu. Mzee akaileta nyumbani kwa mkokoteni, vipande vipande, safari sita. Ikakaa chumba cha mbele, pale ambapo wengine huweka makochi. Wageni walisimama.

Watu walidhani wino hukaa juu ya bamba, kama kwenye muhuri. Kwa Mama Shaba wino ulikaa chini, ndani ya mikwaruzo. Alipaka bamba lote wino mzito, akafuta kwa shashi, kitambaa chepesi, akamalizia kwa kiganja, mpaka uso ukabaki mtupu na wino umejificha mashimoni. Juu yake karatasi nene iliyoloweshwa, juu ya karatasi blanketi za sufu, kisha rola mbili za chuma zikavikandamiza vyote, na karatasi ikazama kwenye mikwaruzo kuufuata wino. Mabamba mengine aliyapaka nta kwanza, akachora kwenye nta, akayazamisha kwenye tindikali, nayo ikala shaba palipo wazi. Lile la mwisho alilikwaruza kwa sindano tu. "Tindikali inakula," alikuwa akisema. "Sindano inalima."

Gurudumu lilikuwa la mzee. Kufuta kulikuwa kwa mkewe. Hawakuingiliana.

Baada ya mazishi mikono ilikosa kazi. Mzee akachukua majivu na limau, akaanza kusugua mabamba ya marehemu, maana yalikuwa yameingia weusi. Lile la mwisho alilisugua kila asubuhi baada ya chai, miezi miwili. Picha haikuonekana vizuri. Akiliinamisha huku aliona nyuzi nyuzi, akiliinamisha kule mwanga ulizimeza. Naye alitaka jambo moja tu: kujua mkewe aliona nini asubuhi ile.

Shemeji yake, mdogo wa marehemu, fundi cherehani, akaja siku moja na mkate kwapani.

"Shemeji, utalisugua mpaka uone upande wa pili."

"Nataka likae safi. Ndilo la mwisho."

"Basi lichape. Dada hakukuachia kioo cha kunyolea."

Karatasi nene zilikuwa zimebaki mbili, na aliyekuwa akiwauzia alishafunga duka. Mzee alizitazama siku nne. Siku ya tano akazilowesha, akazilaza kwenye taulo, akamwita shemeji awe shahidi.

Akapaka wino. Akafuta kwa shashi, akafuta tena, mpaka bamba likang'aa kama sahani ya wageni. Akazungusha gurudumu. Akaishika karatasi pembeni, akaiinua polepole.

Nyeupe. Nyuzi chache za kijivu, kama chungu amepita na miguu michafu.

Mzee akaketi. Ndipo alipokumbuka maneno ya mkewe: sindano ikilima shaba hutupa tuta pembeni, kama jembe linavyotupa udongo. Tuta hilo ndilo linalokamata wino mwingi, mstari ukawa laini, wenye manyoya. Na ni jembamba. Rola zenyewe hulilaza, ukichapa mara ishirini limekwisha. Yeye alikuwa amelilaza kwa majivu na limau, kila asubuhi, kwa mapenzi.

"Nimemfuta kwa mkono wangu," alisema.

"Ulikuwa unampapasa tu, shemeji. Ungejuaje?"

"Alishaniambia."

Karatasi ya pili ilikuwa bado mbichi kwenye taulo. Mzee akapaka wino tena. Safari hii akafuta kidogo, akaweka shashi kando, akatumia kiganja, kama alivyomwona akifanya maisha yote. Kiganja chake kilikuwa kigumu, kikapita juu ya shaba kama mtu anayeogopa kumwamsha mwenzake. Akaacha mapema. Juu ya bamba ukabaki utando, mfano wa pumzi kwenye kioo.

"Hujamaliza," shemeji alisema.

"Nimemaliza."

Gurudumu lilikuwa zito kuliko siku zote.

Karatasi ilipoinuka, ilikuwa alfajiri yote, kijivu juu mpaka chini. Ndani ya kijivu, nyuzi zile zile dhaifu zilikuwa zimepata pa kushika. Kiti. Meza. Mwanamume amesinzia, kidevu kifuani, mikono mikubwa mapajani. Na mbele yake kikombe, na juu ya kikombe mvuke unapanda. Kwenye shaba, chai haikupoa.

Shemeji akaisogelea karatasi. "Kidevu ni chako. Hata usingizi ni wako." Kisha akauliza nani alimfundisha kuacha wino namna ile.

Mzee alikuwa bado ameshika karatasi. Akamweleza kwamba zamani mteja alirudisha picha akidai imechafuka, naye mzee kwa hasira akachukua shashi alisafishe bamba mwenyewe. Mkewe akamshika kifundo cha mkono, bila kelele, akamwambia:

"Usifute sana, mzee wangu. Acha ukungu kidogo, mtu apate pa kukaa."