Bushi za Gari la Shangazi

Mume wa shangazi yangu alipofariki, aliacha vitu viwili vya kurithiwa: shamba la minazi Tongoni na gari dogo la zamani, la rangi ya maziwa. Hawakuwa na watoto. Shangazi alikaa eda katika nyumba yake mwenyewe ya Mabawa, nami, binti wa kaka yake, nikiishi naye na kufundisha shule ya msingi ya jirani. Eda ilipokwisha, mashemeji zake wawili walikuja na shehe kugawa mirathi.

Walidhani atataka minazi. Akasema fungu lake wampe gari, shamba wabaki nalo. Wakakubali upesi. Gari lilikuwa limelala uani tangu marehemu aanze kuugua, na hata kabla ya hapo lilikuwa likigonga nyuma kila likianza kuondoka, mshindo wa chuma kwa chuma, watu wakageuka barabarani kutazama kimeanguka nini.

Shangazi alimwita fundi mmoja, Mpemba aliyekuwa akitengeneza mashine za boti kule bandarini. Alilala chini ya gari kwa muda, akatoka akasema injini haina neno, na difu lenyewe, gia la ekseli ya nyuma, ni zima. Kilichokwisha ni bushi, vile vipande vya mpira vinavyokaa kwenye maungio ili chuma kisisuguane na chuma. Za difu zilikuwa zimeliwa zikabaki kama ukoko, na za mikono ya magurudumu zilikuwa hazipo kabisa.

Bushi za kununua hazikuwepo. Ilikuwa miaka ile ya foleni, sukari ikipatikana ni habari ya mtaa mzima, sembuse vipuri. Fundi akasema atazikata kutoka tairi la lori. Shangazi alilipata tairi kwenye shamba la mkonge, kwa mtu aliyekuwa akilitumia kunyweshea mbuzi.

Kazi ilifanyika uani kwetu. Fundi alichoma mabaki ya mpira wa zamani kwa moto, moshi mweusi ukatufukuza, majirani wakafunga madirisha. Kisha akakata vipande vya tairi kwa kisu alichokinoa mara kwa mara, akavichonga mviringo, akavitoboa katikati. Vilipokuwa tayari havikukubali kuingia. Alitaka sabuni ya kuvitelezesha, na sabuni hatukuwa nayo. Nikamletea mafuta ya nazi, akayakataa, akasema mafuta huozesha mpira. Shangazi aliingia jikoni, akachemsha bamia mpaka maji yakawa mazito, akayaleta uani kwa kata. Fundi alicheka kidogo, akapaka, akavibana kwa jiliwa, na bushi zikaingia moja baada ya nyingine.

Kwa kuwa shangazi alifundishwa kuendesha na mumewe, hakuhitaji dereva. Alianza safari za Amani, akipanda mlima gari likiwa tupu na kushuka na hiliki na ndizi za kuuza mjini, petroli ilipopatikana. Gari halikugonga tena. Lilitetemeka tu, maana mpira wa tairi ni mgumu.

Shemeji mkubwa aliliona likipita Muheza. Wiki hiyohiyo akaja nyumbani pamoja na shehe, akasema mgawo urudiwe, kwa sababu shangazi alijua gari ni zima naye akanyamaza. Shangazi alimsikiliza mpaka mwisho.

"Shemeji," akasema, "ningechukua minazi nikaipalilia ikazaa, ungekuja kuidai?"

Shehe akasema mgawo ulishapita kwa ridhaa ya wote. Chai kavu niliyowaandalia ilinywewa na shehe peke yake.

Nilidhani undugu umekufa hapo. Lakini malori yalizidi kukosa matairi, na nazi za Tongoni zikawa zinachipua chini ya minazi. Shemeji alirudi, safari hii peke yake, akaomba nazi zake zibebwe. Shangazi alizibeba, akamtoza nauli ileile aliyowatoza wengine. Shemeji alikaa kiti cha mbele, wakazungumza habari za mvua na za wagonjwa wa ukoo njia nzima. Ikawa desturi.

Baadaye biashara ilifunguliwa, maduka yakajaa vitu vya Dubai, na bushi zikauzwa ndani ya mifuko myororo ya nailoni. Shangazi alizinunua zote, fundi akazifunga. Gari likawa laini kama jipya. Mvua za masika zilipokwisha, bushi hizo zilikuwa zimechanika, na fundi akatumwa kutafuta tairi.

Alilitumia gari hilo mpaka magoti yalipokataa kukanyaga klachi. Akaliuza mwenyewe, kwa mtu wa Pangani, baada ya kumweleza kila kilichokuwa chini yake na kimetengenezwa kwa kitu gani. Siku lilipochukuliwa alikuwa jikoni anapepeta mchele. Nilimwita aje alione likiondoka. Akasema analisikia.