Nguzo ya Walinzi wa Rais

Enzi za mamluki wa Kizungu waliomlinda rais wa Komoro, katika ofisi moja ya Moroni, nilimkuta karani, dada mmoja kutoka mji wa Mutsamudu, akichora chati ya mgao wa mchele kwenye kompyuta. Kompyuta ilijua nguzo za upana mmoja tu, kwa hiyo penye kundi la watu wengi alirudia nguzo ileile mara kadhaa, akazibananisha zikawa moja pana.

"Upana ni watu," alinieleza. "Urefu ni mchele wa kila mmoja."

Mamluki mmoja akaingia, akagusa nguzo nyembamba iliyofika juu kabisa ya kioo.

"Hawa nani?"

"Ni nyinyi walinzi, mesie."

"Ifupishe."

"Nitaifupisha, mesie, mkipunguza kula."

Nikainamisha macho. Mzungu akacheka, akaenda zake. Aliyekimbilia kuchomoa waya wa umeme wa kompyuta ili chati ipotee ni mkuu wa ofisi, Mkomoro mwenzetu.