Mgeni wa Kadi

Nilipokuwa msichana Kilwa, enzi za Mwingereza, starehe yangu ilikuwa kuandikiana kadi za picha na watu nisiowajua. Mwalimu wetu wa Kiingereza alitugawia anwani za nje. Wenzangu waliandika mara moja wakachoka, mimi nikanogewa. Nikapata mlima wenye theluji kutoka Uswisi, vinu vya upepo vya Uholanzi, na kutoka Skochi ng'ombe wenye nywele zilizofunika macho, ambao mama aliwaonea huruma kweli kweli. Kila kadi aliigongomea ukutani sebuleni kwa msumari mdogo.

Mama hakusoma herufi za Kizungu, lakini nilikuwa simalizi kuandika jibu kabla hajaniuliza, "Umewakaribisha?" Nilikuwa nimewakaribisha. Kwetu huwezi kufunga salamu bila kumwambia mtu, "Karibu nyumbani." Ni adabu tu, wala hakuna anayefunga safari kwa sababu yake. Basi yule wa Skochi, mwalimu wa kike aliyekwisha kustaafu, akafunga safari.

Kadi ya kutuarifu haikuwa na bahasha, ndivyo kadi zilivyo. Karani wa posta aliisoma akawasimulia wa bomani, na baba yangu, aliyekuwa karani huko huko, akaelezwa habari za mgeni wake mwenyewe akiwa kazini. Alirudi nyumbani kanzu imemganda mgongoni kwa jasho.

"Huyo Mzungu atalala wapi?" akauliza.

Mama akashangaa. "Mgeni wetu alale wapi tena? Si hapa?"

Akampisha chumba chao. Akatoa sandukuni shuka la harusi yake, akalifukiza udi, na kiti cha kukalia mgeni akaazima kwa jirani. Mgeni alishuka melini Lindi, akapanda lori kupitia Mchinga na Kiswere, akatufikia ana vumbi mpaka kwenye kope. Alikula wali wa nazi na samaki kwa mkono, akaomba kuongezewa. Alipowaona ng'ombe wake ukutani alicheka hadi akafuta machozi, akamshika mama mkono asimwachie. Mama akaninong'oneza, "Huyu mtu wa watu." Mimi nilikuwa karibu kupasuka kwa furaha.

Alasiri akaja tarishi wa boma na barua ya Kiingereza, mgeni akaisoma kwa sauti. Bwana DC kasema yule bibi atalala kwake, haifai Mzungu kulala uswahilini. Mgeni akamgeukia baba, akamwambia kwa Kiingereza, polepole ili aeleweke vizuri, kwamba yeye anataka kulala hapa, lakini mwenye nyumba ni baba, basi aseme yeye.

Baba ndiye mwanamume niliyemwona hodari kuliko wote mtaani. Watu waliogombana walikuja kusuluhishwa barazani kwetu, na akikemea, kona ya pili wanasikia. Siku ile alivua kofia. Akatazama viatu vya tarishi, akasema kwa Kiingereza chake cha ofisini kwamba kule ni bora zaidi. Kisha akamgeukia mama na kumwambia kwa Kiswahili, "Amechoka. Anataka kwenda kwa Wazungu wenzake."

Niliona haya kana kwamba nguo nimevuliwa mimi. Natamani ardhi ipasuke, haipasuki. Mgeni akaaga, hajui limesemwa nini, na mama akatabasamu mpaka mlango ulipofungwa. Kisha akaingia chumbani, akaanza kulikunja lile shuka.

"Haki yake," akasema. "Nyumba yenyewe ndiyo hii. Choo chenyewe kile. Nilijipendekeza bure."

Mama yangu huyo, mwenye mdomo wake ambao mtaa mzima uliuogopa, ananywea ndani ya nyumba yake mwenyewe! Nilishindwa kuvumilia, na nadhani ilionekana usoni, kwa sababu aliacha kukunja.

"Wewe unajua Kizungu," akaniambia. "Yule bibi alisemaje?"

Baba alikuwa amesimama mlangoni. Hakunikataza. Alinitazama tu, na macho yake yalikuwa yananiomba. Baba, aniombe mimi! Nilimwonea aibu, kisha nikajionea aibu mwenyewe kwa kumwona baba yangu hivyo, na hata leo nikikumbuka uso unaniwaka. Nikasema, "Alisema anataka kulala hapa. Baba ndiye aliyemwambia aende."

Mama hakupiga kelele. Alilitandika tena lile shuka, akalinyoosha pembe zote, akauweka mto mahali pake.

"Haya, bwana," akamwambia baba. "Lala wewe. Mgeni humu ndani ni wewe."

Akachukua mkeka wake akauhamishia chumbani kwangu. Baba akaingia, akakaa ukingoni mwa kitanda, kofia mkononi. Ikaadhiniwa magharibi, wanaume wa mtaani wakapita wakimwita dirishani kama kawaida yao. Hakuitika.