Taya la Mbuzi Darasani

Taya la mbuzi lina harufu yake, hata likichemshwa na kuanikwa juani wiki nzima. Naijua harufu hiyo kwa sababu nililivaa shingoni mara tatu, kwa kamba ya katani, nilipokuwa kidato cha kwanza katika shule ya kutwa jirani na Ntobeye. Miaka ile kambi ya Lukole ilikuwa imejaa wakimbizi, na mwenyeji aliyejua Kiingereza alipata kazi ya ukalimani huko, akapanda gari jeupe na kurudi kijijini na viatu vipya. Nilitaka kazi ile kuliko nilivyotaka kwenda mbinguni, na nilikuwa mtoto wa kanisani.

Mwalimu wetu wa Kiingereza, Mwalimu Deo, alibandika kanuni zake ukutani kwenye karatasi ya manila. Usichelewe. Usijibu ukiwa umekaa. Usimcheke anayekosea. Tangu kengele ya kuingia hadi ya kutoka, ni Kiingereza tu, na mwalimu mwenyewe yumo. Ukinaswa unavaa taya mpaka umnase mwenzako. Ukinaswa mara tatu, vipindi vyote vya Kiingereza vya muhula ule utavimalizia kwenye shamba la mihogo la shule. Mimi nilikuwa nimeshanaswa mara mbili, na ya pili siafu aliniuma mguuni nikamwita mama yangu. Kila mzazi alitakiwa kutia saini au dole gumba kwenye nakala ya kanuni hizo.

Mama hakujua kusoma, na hakuwa mtu wa kuweka dole lake ovyo. Asubuhi moja alikuja mwenyewe kuuliza yaliyoandikwa. Alisimama mlangoni katikati ya kipindi, akangoja kuamkiwa. Tulikuwa wanafunzi sitini, na hakuna aliyefungua kinywa. Mwalimu Deo alimsalimu kwa Kiingereza, kwa sauti ndogo, jasho likimtoka. Mama alitutazama mmoja mmoja, akamwona na mwenzangu mmoja mwenye taya shingoni. Kwetu, mkubwa akiingia mahali asiamkiwe, basi pana msiba. Akajifunga kitenge kiunoni, akakaa chini sakafuni na kuanza kulia taratibu.

"Poleni, wanangu," alisema. "Ni nani ametutoka?"

Nilitazama manila ukutani, nikamtazama mama. Niliona kazi yangu ya Lukole ikiondoka na gari lake jeupe. Nikasimama, nikapiga goti.

"Shikamoo, mama. Hakuna aliyekufa. Tuko kwenye kipindi."

"Marahaba," alijibu, akifuta machozi. "Sasa mlikuwa mnaniangalia tu?"

Mwalimu Deo alilichukua taya kwa yule mwenzangu akanivisha, maana kanuni ni kanuni. Kisha akamgeukia mama, akampa shikamoo, akamweleza kanuni zote na kumwomba radhi, yote kwa Kiswahili safi. Alipomaliza, kiongozi wa darasa alisimama akatangaza kwa Kiingereza kwamba mwalimu amenaswa mara tatu: salamu, maelezo na radhi. Hakubisha. Alilivaa taya akatoka na jembe, nami nikamfuata. Darasa lisilo na mwalimu halifundishiki, kwa hiyo wote wakatufuata, na muhula ule tulisoma Kiingereza tukipalilia mihogo. Mama aliweka dole gumba akaenda zake.

Nilipokijua Kiingereza sawasawa, wakimbizi walikuwa wamesharudi kwao na kambi imefungwa. Niliumia sana. Leo nafundisha Kiingereza Biharamulo, na wanafunzi wangu wana simu zinazotafsiri lolote, hawahitaji taya la mnyama yeyote. Mwaka jana mkaguzi aliingia katikati ya kipindi, darasa zima likasimama na kumpa shikamoo. Aliandika kwenye ripoti kuwa ni kosa, nikatia saini, maana ni kweli. Lakini nilimwona alivyoitikia. Aliitikia kwa furaha, akavuta kiti, akakaa kama mtu aliyefika kwao.